Kushuka Lofoi kwa kamba: nimlipe huyu kiongozi au nifunge kisanduku?

Mwenye_Likelemba (Bel-Air, Lubumbashi)

Yambo kwenu wote. Mimi ndiye mtunza pesa wa likelemba ya ofisini kwetu, ule mchezo wa kuchangishana pesa na kupokezana kwa zamu. Tunashughulikia karatasi za mizigo inayopita mpakani Kasumbalesa. Mwaka huu zamu ya mwisho hatukugawana, tumeiweka ili twende kutembea pamoja vakansi ya Julai. Tuko watu kumi na mmoja. Vijana wameona video za watu wanaoshuka maporomoko kwa kamba, wamevaa helmeti na nguo za mpira, wanaruka ndani ya maji, na tangu hapo hawasikii la mtu.

Kuna kijana mmoja ametutafuta. Anasema yeye ni kiongozi wa mambo hayo, atatupeleka maporomoko ya Lofoi, kule Kundelungu, tushuke "kutoka juu mpaka chini". Dola 180 kwa kichwa, chakula ndani, nusu ilipwe mapema. Nikamwomba picha ya vifaa. Akaleta moja tu: kamba ya buluu imeviringwa juu ya boneti ya pikapu, pamoja na helmeti tatu za rangi ya chungwa, zile za mgodini zisizo na mkanda wa kidevu. Nikamuuliza kamba ina urefu gani. Akajibu, "Inatosha, mama."

Kati yetu wanaoogelea kweli ni wawili. Watatu wengine wanasema wanajua, lakini nimewaona kwenye pisini, hawaachi ukingo. Na kuna papa mmoja wa miaka 58 mwenye goti bovu. Ndiye aliyetoa wazo la safari, kwa hiyo siwezi kumwacha nyumbani.

Naomba mnisaidie. Lofoi inashukika? Mwezi wa saba unafaa? Nimuulize nini huyu kijana kabla sijatoa hata dola moja? Na tafadhali msiniandikie "mtegemee Mungu". Namtegemea, lakini pesa ni za watu.

Kalembula_na_Tomson (komini ya Kenya, Lubumbashi)

Miye? Hapana. Nitabakia fasi ya mayi ya bomba, na ile inatoka paka mara moja moja. Mukirudia muniambie.

FundiKamba (Likasi)

Mama, nimefanya kazi ya kamba miaka mingi kwenye minara na masilo ya migodi, kati ya hapa Likasi na Kolwezi. Kushuka korongo lenye maji nilifundishwa kisiwani Réunion, kule Cilaos, kwenye korongo la Fleurs Jaunes. Nakutajia yote mawili kwa sababu kamba ya silo na kamba ya majini ni kazi mbili tofauti, na anayejua moja bila nyingine anaweza kuua mtu kwa nia njema kabisa.

Nianze na picha yako. Kamba ya buluu inayong'aa, ngumu mkononi, karibu kila mara ni polipropilini, ya kufungia mizigo ya lori. Kwenye lori haina ubaya: inaelea, haiozi, bei nafuu. Lakini mtu anaposhuka, kamba inapita kwenye kifaa cha chuma na msuguano unaleta joto. Polipropilini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 165 hivi za Selsiasi. Kamba ya kushukia watu ni ya nailoni, isiyovutika sana, unene wa milimita 9 hadi 11, na ina cheti chake ndani ya tumbo: ukiangalia ncha iliyokatwa, katikati ya nyuzi kuna utepe mwembamba wenye maandishi, EN 1891, herufi A au B, na mwaka ilipotengenezwa. Mwambie huyo kijana akupigie picha ya utepe huo. Usimweleze ni wa nini. Kama hajui unasema nini, umepata jibu bure.

Helmeti bila mkanda wa kidevu itamtoka mtu kichwani kwenye tone la kwanza la maporomoko, kabla hata jiwe halijafika.

Sasa Lofoi yenyewe. Wengine huandika mita 347, wengine 384. Shika tu kwamba ni zaidi ya mita 300, na ni ukuta: mto unafika ukingoni mwa uwanda wa juu wa Kundelungu na kudondoka upande wa mto Lufira. Kamba ya mita 350 yenye unene wa milimita 10 ina kilo 23 hivi ikiwa kavu. Ukianza kushuka, kilo zote hizo ziko chini yako zinabana kifaa, husogei hata ukijisukuma. Ukikaribia chini mambo yanageuka, uzito umekwisha, unateleza haraka na chuma kinaunguza. Ndiyo maana wanaojua huukata ukuta vipande vipande. Wanatoboa mwamba, kila kituo wanakaza vyuma viwili, na mtu ananing'inia hapo hewani akingoja zamu huku maji yakimpiga mabegani. Hiyo ni shughuli ya watu wanne watano waliozoeana kwa miaka. Watu kumi na mmoja wa likelemba, wawili tu wanaoogelea? Hapana, mama. Kwa bei yoyote.

Ila usiwavunje moyo vijana, mchezo wenyewe ni mzuri sana. Korongo la kujifunzia lina miteremko mifupi ya mita 5, 10, 20, katikati kuna vidimbwi vya kuogelea na mawe ya kuteleza. Kilichopo ni kwamba ukishaingia umeingia. Mtu wa mwisho akishuka, kamba inavutwa chini ili itumike mbele, na kuanzia hapo njia ya kurudi juu haipo tena. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kiongozi yeyote, kabla ya bei: "Tukikwama katikati, mtu amevunjika mguu, tunatokea wapi?" Anayejua korongo lake atakuchorea kwenye karatasi: baada ya mteremko wa tatu kuna njia ya kupanda kushoto, baada ya wa tano hakuna mpaka mwisho. Wafaransa wameliweka hata kwenye vipimo vyao. Korongo linaandikwa, kwa mfano, v3 a3 III: v ni ugumu wa kamba, a ni ugumu wa maji, na ile namba ya Kirumi inahusu muda na jinsi unavyoweza kukimbia maji yakija. Wanaoanza wote hutazama v. Mimi naanzia kwenye Kirumi.

Swali la pili: "Mwisho wa kamba unafungaje?" Sisi wa migodini tunapiga fundo kwenye ncha, mtu asije akapitiliza na kuanguka. Ukiwa unashukia kwenye maji yanayovurugika kwa povu, fundo hilo hilo litakunasa chini ya maporomoko na utakunywa maji mpaka basi. Huko ncha inaachwa bila fundo, na kiongozi anapima kamba iishie pale inapogusa maji, ili ukifika uteleze utoke uogelee. Tena juu kamba haifungwi moja kwa moja. Inafungwa kwa namna ambayo yeye aliye juu anaweza kuilegeza na kukuteremsha ukikwama. Mwambie akuonyeshe kwa mikono. Ukiona anaifunga kwenye mti kwa mafundo matano na kukuambia "hii haitoki kamwe", hiyo "haitoki kamwe" ndiyo shida yenyewe.

Kijana_wa_Golf

Papa Fundi, heshima yako, lakini mnatisha watu. Wazungu wakifanya ni mchezo, sisi tukifanya ni kifo? Kiongozi akiwepo, si ndiyo kazi yake?

FundiKamba (Likasi)

Mdogo wangu, tarehe 27 Julai 1999, korongo la Saxetbach, Uswisi. Walikuwa na viongozi, vifaa vizuri, nguo za mpira, kila kitu. Mvua ya radi ikanyesha juu milimani, mto ukajaa ghafla, watu 21 wakafa: watalii 18 na viongozi 3. Wale wazungu unaowasema. Baadaye mahakama ikawatia hatiani wakubwa wa biashara ile kwa uzembe.

Kwa hiyo swali la tatu, nililisahau hapo juu: "Ni saa ngapi asubuhi unaamua kwamba hatuendi?" Mtu ambaye hajawahi kuahirisha safari, usimlipe. Na pesa ya nusu ilipwe kwa masharti ya maandishi kwamba akiahirisha kwa ajili ya mvua, mnapewa siku nyingine.

Kwetu huku afadhali mbingu zimepangwa. Mvua ni Novemba hadi Aprili, Julai hakuna hata wingu. Réunion huwezi kusema hivyo. Pale Foc-Foc, Januari 1966, saa 24 tu zilileta milimita 1,825 za mvua, na sisi Lubumbashi mwaka mzima tunapata kama 1,200. Ndiyo maana kule kwenye makorongo watu hupendelea miezi ya Mei hadi Novemba, na hata hivyo kila asubuhi kiongozi anasoma hali ya hewa kwanza, kahawa baadaye.

Muuguzi_Katuba

Mama Mwenye Likelemba, mimi niseme ya afya tu.

Baridi. Watu wanadhani nchi ya joto haina baridi. Julai huko Kundelungu usiku utatafuta blanketi mbili, na maji ya mtoni ni baridi hata saa sita mchana. Ukikaa ndani saa tatu na fulana ya pamba, vidole vinakufa ganzi, na vidole ndivyo vinavyoshika kamba. Kwa hiyo nguo za mpira za milimita 5 si pambo la video. Kiongozi asiye nazo kwa saizi ya kila mtu (mna watu wanene? semeni mapema, msione haya), hana vifaa.

Bilharzia. Iko katika mito na maziwa ya Katanga. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo kwenye maporomoko yenyewe hofu ni ndogo kuliko kwenye dimbwi la chini mnapopumzika na kufua soksi. Baada ya wiki sita hadi nane kapimeni choo na mkojo. Mkipatikana nayo, dawa ni praziquantel na inapatikana. Usipime wiki ileile uliyorudi, haitaonekana kitu na utajidanganya.

Mtu akizimia huku ananing'inia kwenye mikanda, asiachwe pale "apumzike". Ateremshwe mara moja. Damu inabaki miguuni, na dakika chache zinatosha kuleta msiba.

Yule papa wa goti: kushuka kwa kamba kwenyewe goti linaweza kuvumilia. Kutembea juu ya mawe yenye utelezi kwa saa nne, hapana.

Mtembezi_Ruashi

Lofoi nimefika, kwa miguu, bila kamba wala nini. Ni ndani ya hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa 1970, kwa hiyo kibali ni cha ICCN, shirika la serikali linalosimamia hifadhi za Kongo. Yule kijana wako amekuonyesha kibali? Maana bila hicho hata kuweka hema hamna ruhusa, achilia mbali kutoboa mwamba na kupigilia vyuma.

Kuhusu mwezi, itategemea mnataka kuona nini. Sisi tulikwenda mwishoni mwa kiangazi, Septemba, kila mahali moto wa nyika, macho yanawasha, na maji yenyewe yalikuwa uzi mwembamba unaogeuka kuwa moshi kabla haujagusa chini. Wenzangu wawili walinung'unika siku nzima kwamba wameletwa kuangalia mvuke. Mimi nilikaa ukingoni tu. Ukitupa macho upande wa Lufira nchi inaendelea, inaendelea, mpaka unasahau kwamba umebanwa na gari siku nzima kufika pale. Wanaotaka maji yenye kishindo waende Mei, mvua zimekwisha karibuni na barabara imeanza kukauka. Juni na Julai bado maji yapo, yanapungua. Gari la magurudumu manne, mafuta ya akiba, matairi mawili ya spea. Unga wa bukari (ugali) chukueni hapa mjini.

Mwenye_Likelemba (Bel-Air, Lubumbashi)

Asanteni sana, nimechapisha maneno yenu na kuyapeleka kwenye kikao.

Habari za kijana. Nilimwomba picha ya utepe wa kamba kama alivyosema Papa Fundi. Ameniletea picha ya futi ya fundi mwashi, ameilaza juu ya ile kamba ya buluu, inasoma mita 5. Kibali cha ICCN, anasema "tutamalizana nao mlangoni". Nilipomuuliza tukikwama tunatokea wapi, akaniambia mama usiwaze mabaya. Basi sijatoa kitu, na sasa ananipigia kila jioni: bei imeshuka dola 180, 150, jana 110.

Ila vijana hawajakata tamaa. Wanauliza: kama si Lofoi, wapi? Wanataka kamba. Mpaka wa Kasumbalesa naujua kuliko jiko langu, kwa hiyo Zambia si tatizo.

FundiKamba (Likasi)

Bei inayoshuka haraka kuliko mtu kwenye kamba, iache.

Zambia, basi Livingstone. Mtapita Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, Lusaka, kisha kilomita zisizopungua 470 nyingine. Ni siku mbili za barabara bila kujiua. Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria, ina mita 108 kwenda chini na upana wa kilomita 1.7, na hakuna mtu atakayewashusha ndani ya maporomoko yale, asiwadanganye mtu. Kinachofanyika ni kwenye makorongo ya Batoka yaliyo chini yake: kuna watu wa kazi hiyo wanaoshusha wageni kwa kamba kwenye ukuta mkavu, wanaobembea juu ya korongo, na pale kwenye daraja la mwaka 1905 kuna wanaoruka mita 111 wamefungwa mpira miguuni. Hiyo ya daraja mimi siitaki hata kwa kulipwa. Ya ukuta mkavu ni nzuri kwa kuanzia: hakuna maji yanayokupigia kelele, unasikia unachoambiwa, na asiyejua kuogelea anaweza. Julai mto bado umejaa, mvuke wa maporomoko utawalowesha mkiwa mmesimama tu. Papa wa goti atakaa juu na mwamvuli, ataona kila kitu.

Korongo lenye maji lenyewe, kamba na kuogelea pamoja, liacheni mwaka mwingine. Uganda, kwenye maporomoko ya Sipi, mlima Elgon, wanashusha watu kando ya poromoko la karibu mita 100, ila hiyo nayo ni kushuka mara moja na kurudi juu kwa miguu, si korongo zima. Kwa korongo zima, Réunion. Visa ya huko na tiketi vitaila likelemba yenu miaka miwili, nakwambia ukweli.

Lofoi msiifute pia. Nendeni kwa miguu, kwa kibali, kama alivyosema Mtembezi. Mimi ningeitanguliza hiyo.

Mwenye_Likelemba (Bel-Air, Lubumbashi)

Kikao kimeamua hivi: Julai Lofoi kwa miguu, wote kumi na mmoja. Gari moja tumepata kwa binamu wa mhasibu, la pili tunalitafuta. Anayejua mtu mwenye pikapu nzima yenye dereva asiyekunywa, aniandikie faragha. Desemba, wale sita wanaotaka kamba, Livingstone. Papa Fundi, wanaomba uwafundishe kidogo kabla, wasiende kutuaibisha mbele ya Wazambia.

FundiKamba (Likasi)

Hao sita nitawapokea. Ila Desemba mvua zimeanza, siku nyingine watu wa kamba watawaambia hapana, basi wekeni siku mbili za ziada mkononi.

Kwanza pisini, huko huko Lubumbashi, mbele ya macho yako wewe mtunza pesa, si mbele ya rafiki zao: mita 50 bila kugusa ukingo, kisha dakika tano kuelea na nguo. Kwenye ukuta mkavu si lazima, lakini nataka kujua nani anatulia na nani anapagawa. Halafu waje Likasi Jumamosi. Nina ukuta wa mita 8 nyuma ya karakana, vyuma nilivipigilia mwenyewe na navikagua kila mwezi. Watashuka, watapanda, watafunga na kufungua mpaka mikono ijue yenyewe. Sitaki malipo, waje na mafuta ya gari na kuku mmoja.

Suruali ndefu, viatu vilivyobana, pete na hereni zibaki nyumbani. Na wadada wenye mèche (nywele za kuongezea) ndefu wazisuke na kuzificha ndani ya kola, chini ya helmeti. Nywele zikiingia kwenye kifaa cha kushukia, zinavutwa pamoja na kamba, kichwa kinafuata, na hapo katikati ya ukuta dawa ni kisu tu. Nimekata mèche ya mtu wa watu huku analia, tena ilikuwa ya bei. Si kazi ninayoipenda.